Pearl Harbor: walivyowatoa mabaharia walionaswa na kuziinua manowari zilizozama

Kila inapofika tarehe 7 Desemba mnasikia jina la Pearl Harbor katika taarifa zetu za habari. Tunataja idadi ya waliokufa, tunataja vita, kisha tunaingia habari za michezo. Swali linalobaki ni hili: watu waliokuwa hai ndani ya meli zilizopinduka walitolewaje? Na manowari za chuma zenye uzito wa karibu tani 30,000, zikiwa zimelala kwenye tope, ziliinuliwaje hadi zikarudi vitani? Tumeona tulieleze jambo hilo kwa maandishi, ili kila mmoja alisome kwa nafasi yake.

Pearl Harbor ni bandari ya jeshi la wanamaji la Marekani katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, katikati ya bahari ya Pasifiki. Ni mbali sana na sisi. Hata hivyo, vita vilivyofunguliwa na shambulio lile vilifika hadi Burma, na huko ndiko walikopelekwa askari wa King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland kupigana na Wajapani. Kama nyumbani kwenu kuna mzee anayesimulia kuwa baba yake alikwenda Burma, basi safari ya mzee huyo ilianzia hapa.

Asubuhi ya Jumapili

Mwaka 1941 Japani ilikuwa vitani na China, na Marekani ilikuwa imeizuia kununua mafuta. Mazungumzo ya kidiplomasia yalikuwa bado yanaendelea pale ndege za Japani, zilizoruka kutoka meli sita za kubebea ndege, zilipoonekana juu ya bandari saa 1:55 asubuhi ya Jumapili, 7 Desemba. Wengine walikuwa mezani wanakunywa chai, wengine wanajiandaa kwa ibada, wengine bado wamelala. Zilikuja ndege zaidi ya 350 kwa awamu mbili. Kabla ya kutimia saa nne asubuhi kila kitu kilikuwa kimekwisha, na Wamarekani 2,403 walikuwa wamekufa au walikuwa njiani kufa. Japani ilipoteza ndege 29 na watu 64.

Meli ya Arizona ilipata pigo baya kuliko zote. Bomu lilipenya sehemu ya mbele hadi kwenye ghala la baruti, na mlipuko wake ukawaua watu 1,177 katika meli hiyo moja. Mafuta yakasambaa juu ya maji na kushika moto, hivyo hata aliyejirusha baharini aliangukia motoni.

Ubavuni mwa Arizona ilikuwa imefungwa meli ya mafundi iliyoitwa Vestal. Amri ilitolewa kwamba kamba zinazoziunganisha zikatwe haraka ili Vestal ijiokoe. Baharia mmoja wa Vestal, Joe George, aliwaona watu sita juu ya mnara wa Arizona, ngozi zimeungua, wamezungukwa na moto. Akawarushia kamba. Sita hao wakaifunga, wakaning'inia kwa mikono yao iliyoungua, wakavuka mmoja mmoja juu ya maji yanayowaka hadi upande wa pili. Joe George alipewa nishani ya ushujaa kwa tendo hilo mwaka 2017. Wakati huo alikwisha fariki miaka mingi.

Katika West Virginia alikuwepo Doris Miller, kijana mweusi, mtoto wa wakulima wa Texas. Siku hizo jeshi la wanamaji la Marekani halikumpa mtu mweusi kazi nyingine melini zaidi ya jikoni na mezani, na Miller alikuwa akikusanya nguo chafu za maofisa mabomu yalipoanza. Kwa kuwa alikuwa bondia mwenye nguvu, aliitwa asaidie kumbeba nahodha aliyejeruhiwa. Kisha akashika bunduki ya rashasha ambayo hakuna aliyewahi kumfundisha, akazifyatulia ndege. Risasi zilipokwisha, alirudi kuwavuta majeruhi kutoka kwenye maji na mafuta, na wengi walipona kwa sababu yake. Mwaka 1942 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kupewa Msalaba wa Jeshi la Wanamaji. Alikufa mwaka uliofuata meli nyingine aliyokuwamo ilipozamishwa. Magazeti ya wakati ule yaliishangilia zaidi ile bunduki. Sisi tunadhani kuvuta watu kutoka kwenye mafuta yale kulikuwa kazi kubwa zaidi.

Kwa nini moja ilipinduka na nyingine haikupinduka

Anayesafiri kwa mtumbwi anajua kwamba maji mengi ndani ya chombo ni hatari, lakini maji yaliyojaa upande mmoja ni hatari zaidi. Manowari imegawanywa ndani vyumba vingi vyenye milango ya chuma isiyopitisha maji, ili tundu likitoboka sehemu moja, sehemu nyingine zibaki kavu. Torpido, yaani bomu linalosafiri chini ya maji, zilizipiga West Virginia na Oklahoma ubavuni, zote upande mmoja, na meli zikaanza kulala.

Katika West Virginia, ofisa mmoja kijana alifanya jambo ambalo kwa haraka linaonekana kama wazimu: alifungulia maji ya bahari yaingie makusudi upande wa pili, ule mzima. Meli ikazama, ndiyo, lakini ikazama ikiwa wima na kukaa juu ya tope. Bandari ile ina kina cha mita kama 12 tu, kwa hiyo sehemu yake ya juu ilibaki nje ya maji na mamia ya watu wakatoka.

Oklahoma haikupata nafasi hiyo. Ndani ya muda unaokaribia dakika 12 ilikuwa imepinduka, milingoti yake imechoma tope, na sehemu ya chini ya meli iko juu kama mgongo wa nyangumi. Waliokufa humo ni 429. Kasisi wa meli, Aloysius Schmitt, aliwasukuma mabaharia wenzake kupitia kidirisha kidogo cha duara, mmoja baada ya mwingine. Yeye mwenyewe hakutoka.

Kugonga ndani ya chuma

Waliosimama juu ya mgongo ule wa Oklahoma walisikia kitu. Ngo, ngo, ngo. Watu walikuwa hai ndani, katika giza, vyumba vimegeuka juu chini, wanapiga chuma kwa spana.

Hapo akaja Julio DeCastro, ambaye hakuwa mwanajeshi. Alikuwa raia, msimamizi wa mafundi katika karakana ya meli pale bandarini, na kikosi chake kilikuwa cha makalafati wa chuma. Huku pwani kalafati ni fundi anayeziba nyufa za jahazi kwa pamba. Kalafati wa manowari hufanya kazi hiyohiyo kwenye maungio ya mabati mazito, kwa nyundo na tindo zinazoendeshwa kwa upepo wa mashine. Walipofika, wengine walikuwa wamekwisha kuanza kukata kwa moto wa gesi, kama ule wa mafundi wa kuchomelea. Moto ule ulikula hewa iliyokuwa ndani na kuwasha vifaa vilivyobandikwa kwenye kuta, vikatoa moshi wa sumu. Wanaume wawili walikosa hewa wakafa kabla ya kufikiwa. DeCastro akauacha moto, akaamua kutumia tindo. Kazi ikawa ya polepole, inchi kwa inchi, usiku kucha na siku iliyofuata.

Tatizo kubwa lilikuwa lingine, na hapa tunaomba ufanye jaribio dogo. Chukua kikombe cha plastiki, kigeuze, kisukume ndani ya ndoo ya maji. Utaona maji hayajai ndani, kwa sababu hewa imenaswa na inayazuia. Sasa toboa tundu dogo kwenye kitako cha kikombe. Hewa itatoka kwa mluzi, na maji yatapanda mara moja. Ndivyo ilivyokuwa kwa watu wale. Tundu la kuwaokoa lilikuwa pia tundu la kuitoa hewa iliyowaweka hai. Kila DeCastro alipotoboa, maji yalipanda kwa walio ndani, yakafika magotini, kiunoni, huku wanaume juu wakishindana na muda kupanua tundu limtoshe mtu. Walifaulu kwa sababu Oklahoma ilikuwa imekaa juu ya tope na haikuweza kushuka zaidi. Maji yaliishia kwenye usawa wa maji ya nje, na mgongo wa meli ulikuwa juu ya usawa huo. Watu 32 walitolewa hai.

Wasikilizaji wetu wa kanda ya Ziwa Victoria watakuwa wameshakumbuka. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza ikiwa imejaa abiria, na waokoaji walisikia watu wakigonga kutoka ndani vilevile. Tundu lilikatwa. Lakini MV Bukoba haikuwa imekaa juu ya kitu. Ilikuwa ikielea kwa nguvu ya hewa ileile iliyonaswa, na hewa ilipotoka, meli ikaenda chini. Hatuandiki haya kuwalaumu waliotaka kuokoa. Waliokuwa juu ya meli ile walisikia binadamu wenzao wakigonga, na nani angeweza kukaa tu? Ila tofauti kati ya chombo kilichoegemea chini na chombo kinachoelea kwa hewa ni tofauti ya uhai na mauti, na anayeishi kando ya maji anastahili kuijua. Pale MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara, Septemba 2018, fundi mitambo mmoja alikutwa hai siku mbili baadaye. Wazamiaji ndio waliomfikia, wakiingia kutoka chini ya maji.

Siku kumi na sita

Kuna waliogonga na hawakufikiwa. West Virginia ilikuwa imekaa wima, kwa hiyo vyumba vyake vya chini vilikuwa chini kabisa ya usawa wa maji. Kukata tundu hapo kungekuwa kuwafungulia bahari, na kukata kwa moto katikati ya mafuta kungeweza kulipua kila kitu. Walinzi waliokuwa zamu gatini walisikia kugonga siku baada ya siku. Inasimuliwa kwamba hakuna aliyetaka zamu ya kukaa karibu na meli hiyo.

Meli ilipoinuliwa mwaka 1942, mafundi walifungua chumba kimoja cha mbele wakakuta miili ya vijana watatu. Walikuwa na chakula cha akiba na maji ya kunywa. Kilichokosekana mwishoni ni hewa. Ukutani kulikuwa na kalenda, na juu yake siku zimekatwa kwa alama ya msalaba mwekundu, kutoka 7 Desemba hadi 23 Desemba. Jeshi halikuwaeleza wazazi wao. Kwenye makaburi iliandikwa kuwa walikufa tarehe 7, na ndugu zao waliujua ukweli baada ya miaka mingi.

Kuinua kilichozama

Warusha mabomu wa Japani walilenga meli. Hawakupiga matangi ya mafuta, hawakuharibu karakana, na vyelezo (mabwawa yenye milango ambamo meli huingizwa na maji yakatolewa ili itengenezwe) vilibaki vikifanya kazi. Pamoja na kina kidogo cha bandari, hilo ndilo lililowezesha yote yaliyofuata. Kama meli zilezile zingepigwa kwenye bahari kuu, leo zingekuwa maelfu ya mita chini na tusingekuwa na la kueleza.

Kazi iliwekwa chini ya Kapteni Homer Wallin mwanzoni mwa Januari 1942. Kanuni yake unaweza kuieleza kwa sentensi moja: ziba matundu, toa maji, chombo kitaelea chenyewe. Jahazi likizama kwenye maji ya magoti, wavuvi hufanya hivyohivyo. Ugumu ni pale tundu linapokuwa na upana wa kupita gari, tena liko kwenye tope, tena wakati wa vita.

Wazamiaji walivaa vazi zito lenye kofia ya chuma, na hewa ililetwa kwa mpira kutoka juu. Maji yalikuwa meusi kwa mafuta na tope, taa hazikusaidia kitu. Mtu alipima tundu kwa kupapasa, alifunga bolti kwa kupapasa, na ndani ya vyumba alikutana na miili iliyokuwa ikielea, akaitambua pia kwa kupapasa. Jumla ya muda waliokaa chini ya maji katika kazi hii yote ni kama saa 20,000.

Kwenye meli ya California, ambayo sitaha yake ilikuwa imefunikwa na maji, walijenga ukuta wa mbao kuizunguka sitaha hadi ukatokeza juu ya maji, kisha wakafungulia pampu. Kwa West Virginia walitengeneza viraka virefu vya mbao na chuma, wakavisimamisha ubavuni palipochanika, na kuziba maungio kwa zege lililomiminwa chini ya maji. Wengine hudhani zege hukauka kama nguo iliyoanikwa. Sivyo. Saruji hushikana kwa kuungana na maji, ndiyo maana inaweza kugandia baharini. Nevada iliinuka Februari, California Machi, West Virginia Mei 1942.

Hatari haikuisha meli zilipoelea. Ndani kulikuwa na nyama iliyooza kwenye maghala, miili ya watu, mafuta na maji yaliyotuama. Tarehe 7 Februari 1942, wanaume wawili walikufa ndani ya Nevada kwa gesi ya haidrojeni salfaidi. Gesi hii hunuka kama yai viza, lakini ikiwa nyingi huua kwanza uwezo wa pua kunusa, hivyo mtu hudhani harufu imekwisha kumbe anazidi kuvuta sumu. Ni gesi ileile inayowaua watu huku kwetu wanaposhuka kwenye mashimo ya vyoo, na mara nyingi anayeshuka kumwokoa wa kwanza hufa wa pili. Baada ya vifo vile, hakuna aliyeruhusiwa kuingia chumba cha meli kabla hewa haijapimwa na feni kupitisha hewa safi.

Oklahoma ilikuwa kazi ya aina yake, maana ilibidi kwanza igeuzwe. Walisimika mashine 21 za umeme za kuvuta kamba za chuma kwenye kisiwa cha Ford, kilicho ndani ya bandari hiyo. Juu ya mgongo wa meli walijenga minara ya mbao yenye kimo cha kama mita 12, na kamba zikapitishwa juu yake. Minara hiyo ilikuwa wenzo. Ukitaka kung'oa kisiki, unafunga kamba juu na si kwenye shina, na nguvu ileile inafanya kazi kubwa zaidi. Kuvuta kulianza 8 Machi 1943, na meli ilikaa wima katikati ya Juni. Haikurudi vitani. Ilikuwa nzee na imeharibika mno, na shabaha ilikuwa kuondoa kizuizi bandarini. Mwaka 1947, ikivutwa kwenda California kuuzwa kama chuma chakavu, ilizama baharini moja kwa moja. Utah, meli kongwe iliyotumika kwa mazoezi, ilivutwa kwa njia hiyohiyo ikashindikana. Bado iko pale.

Arizona hawakujaribu kuiinua, ila walichukua mizinga yake, na mingine ikapelekwa nchi kavu kwa ulinzi wa pwani. Jambo hilo si geni Afrika Mashariki. Tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia ghafla Pegasus ya Waingereza ikiwa bandarini Zanzibar kwa matengenezo, na kuizamisha. Mwaka uliofuata Königsberg yenyewe ikaishia kwenye delta ya Rufiji. Waingereza waliitoa mizinga ya Pegasus, Wajerumani wakaitoa mizinga kumi ya Königsberg, wakaiwekea magurudumu, na wapagazi Waafrika wakaiburuta porini kwa miezi na miezi. Ukitembelea Fort Jesus, Mombasa, utaona mzinga wa kila upande.

Zilizorudi, na waliobaki

Kati ya meli zote zilizopigwa Pearl Harbor, ni tatu tu ambazo hazikurudi kazini: Arizona, Oklahoma na Utah. Nevada ilipiga mizinga pwani ya Ufaransa siku ya kutua Normandy mwaka 1944. Usiku wa 25 Oktoba mwaka huohuo, katika mlango wa bahari wa Surigao, Ufilipino, manowari kubwa sita za Marekani ziliisubiri meli za Japani. Tano kati ya hizo zilikuwa zimepigwa Pearl Harbor, West Virginia na California zikiwamo. Japani iliposaini kusalimu amri, 2 Septemba 1945, West Virginia ilikuwa imetia nanga katika ghuba ya Tokyo.

Watu walichukua muda mrefu zaidi kuliko meli. Mifupa iliyotolewa Oklahoma ilikuwa imechanganyika, na baada ya vita waliotambuliwa walikuwa 35 tu. Wengine walizikwa Honolulu bila majina. Mwaka 2015 makaburi hayo yalifukuliwa, wataalamu wakalinganisha vinasaba vya mifupa na vya ndugu walio hai, na zaidi ya watu 350 wamepata majina yao. Kasisi Schmitt alitambuliwa mwaka 2016 na kurudishwa kwao Iowa, miaka 75 baadaye.

Ndani ya Arizona bado wamo watu zaidi ya 900. Mafuta yanaendelea kuvuja tone kwa tone, na wageni huyaona yakitandaa juu ya maji. Walionusurika katika meli hiyo waliruhusiwa kuagiza kwamba wakifa, majivu yao yapelekwe na wazamiaji ndani ya meli, wakae na wenzao. Wa mwisho alikuwa Lauren Bruner, aliyefariki akiwa na miaka 98. Wazamiaji walimshusha tarehe 7 Desemba 2019. Alikuwa mmoja wa wale sita waliovuka juu ya moto kwa kamba ya Joe George.